Vipuri vya Amplifaya za Valvu: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Fundi anayeanza kupokea amplifaya za gitaa za valvu, yaani zile chupa za kioo zisizo na hewa zinazokuza sauti, huwa na hofu moja kubwa, nayo ni kwamba siku si nyingi valvu zenyewe zitaadimika na kazi yote itakwama hapo. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa valvu ndizo zinazoonekana zikiwaka, ndizo zinazochakaa, na kila mpiga gitaa anazijua kwa namba. Hata hivyo, miaka niliyokaa na mashine hizi imenionyesha jambo tofauti. Valvu za kawaida bado zinatengenezwa na zinanunulika, ilhali kinachoweza kuilaza amplifaya mezani kwa miezi kadhaa ni transfoma iliyoungua, kapasita (kihifadhi umeme) ya kopo yenye sehemu nne ndani yake, potenshiometa (kidhibiti cha kuzungusha, kama kile cha sauti) yenye shafti ya umbo la pekee, au kijidude cha plastiki ambacho kiwanda chake kilifungwa zamani. Ndiyo maana nawashauri mnaoingia katika kazi hii mjifunze mapema kutafuta kipuri kwa sifa zake za kiumeme na vipimo vyake, wala si kwa jina lililochapwa juu yake, kwa sababu jina hupotea sokoni kabla ya kupotea kitu kinachoweza kufanya kazi ileile.

Nianze na valvu zenyewe. Viwanda vikubwa vilivyozitengeneza wakati wa redio na televisheni vimekwisha: RCA ilifunga kazi yake ya Harrison, New Jersey, mwaka 1976, na kiwanda cha Mullard cha Blackburn, Uingereza, nacho kiliacha valvu. Leo valvu nyingi za gitaa hutoka sehemu chache tu, ambazo ni kiwanda cha JJ Electronic kilichopo Čadca, Slovakia, kiwanda cha Saratov nchini Urusi kinachomilikiwa na kampuni ya Marekani ya New Sensor, na viwanda vya China. Kwa hiyo usidanganyike na wingi wa majina yaliyomo kwenye orodha za wauzaji. Sovtek, Electro-Harmonix, Tung-Sol, Genalex Gold Lion na hata Mullard ya siku hizi ni chapa za New Sensor, na Mullard mpya haina uhusiano na mikono iliyounda zile za Blackburn zaidi ya jina. Udhaifu wa hali hii ulionekana Machi 2022, Urusi ilipozuia valvu kutoka nje ya mipaka yake: ingawa kibali kilipatikana baadaye, katika kipindi hicho maduka mengi yalimaliza akiba na bei zikapanda, kwa sababu mlango mmoja ulipofungwa hapakuwa na milango mingi iliyobaki. Fundi mwenye busara huweka akiba ndogo ya aina anazotumia mara kwa mara, yaani 12AX7, EL34, EL84, 6L6GC na 6V6, badala ya kungoja amplifaya iletwe ndipo aanze kuagiza.

Jambo la pili ni kuzijua valvu kwa majina yake yote. Valvu moja huitwa 12AX7 Marekani na ECC83 Ulaya, na toleo lake la kelele ndogo hubeba namba 7025. EL84 ni ileile 6BQ5, na GZ34 ni ileile 5AR4. Asiyejua hayo hukosa kipuri kilicho mbele ya macho yake. Lakini kuna hatari upande wa pili pia, kwa kuwa valvu zinazofanana kwa umbo na zinazoingia kwenye soketi moja si lazima zifanye kazi moja. ECC81 na ECC82 zina mpangilio wa pini uleule wa ECC83, lakini kipimo chao cha ukuzaji ni 60 na takriban 20, wakati ECC83 ina 100, hivyo ukibadilisha kiholela amplifaya itapiga lakini haitakuwa ile mwenyewe aliyoizoea. Valvu ya Kirusi 6P3S-E imeuzwa kwa miaka mingi ikiwa na maandishi ya 5881, na 5881 nayo mara nyingi hutajwa kama mbadala wa 6L6GC, ilhali 6L6GC imeandikiwa kuvumilia wati 30 kwenye anodi (bamba la ndani linalopokea mkondo) na 5881 wati 23 tu. Katika amplifaya yenye volti za wastani tofauti hiyo haidhuru, lakini katika ile inayosukuma valvu zake hadi ukingoni huonekana usiku wa kwanza tu, anodi zinapogeuka nyekundu.

Mfano ninaoupenda kuwaonyesha wanafunzi ni wa 6N2P, valvu ya Kisovieti ambayo kwa ukuzaji inakaribiana sana na 12AX7 na ambayo wauzaji wasio makini huiita mbadala wake. Katika 12AX7, hita (waya unaoipasha valvu moto) ina ncha mbili kwenye pini ya 4 na ya 5, na katikati yake imetolewa kwenye pini ya 9. Amplifaya nyingi za gitaa huunganisha pini ya 4 na ya 5 pamoja, kisha hupeleka volti 6.3 kati ya hizo mbili na pini ya 9. Katika 6N2P hita iko kati ya pini ya 4 na ya 5 peke yake, na pini ya 9 ni ya kinga ya ndani. Ukiichomeka, ncha zote mbili za hita zinapata umeme wa upande mmoja, hakuna mkondo unaopita, na valvu inakaa baridi kama chupa tupu. Fundi asiyefungua jedwali la pini atasema valvu ni mbovu na kuirudisha, kumbe ni nzima kabisa. Hali kama hiyo iko kwa 6EU7, ambayo Gibson iliitumia katika baadhi ya amplifaya zake za miaka ya 1960: kwa tabia ni 12AX7, kwa mpangilio wa pini ni kitu kingine, na kuitumia 12AX7 mahali pake kunadai kubadilisha waya za soketi.

Upande wa valvu za nguvu, mambo matatu hukaguliwa kabla ya kukubali mbadala wowote, nayo ni pini, mkondo wa hita na volti. EL34 inataka pini ya 1 iunganishwe na kathodi (sehemu inayotoa elektroni) iliyo kwenye pini ya 8, jambo ambalo soketi zilizotayarishwa kwa 6L6 mara nyingi hazina. Hita ya EL34 moja hunywa ampea 1.5, ya 6L6GC ampea 0.9, na ya 6V6 ampea 0.45. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini ndiyo inayookoa transfoma: amplifaya iliyojengwa kwa 6V6 mbili iliandaliwa ampea 0.9 kwa ajili ya hita zake, na atakayetia EL34 mbili kwa tamaa ya sauti kubwa ataidai transfoma ileile ampea 3, yaani atakuwa amehama kutoka tatizo la kipuri kinachopatikana kwenda tatizo la kipuri kisichopatikana. Rektifaya za valvu, zinazogeuza mkondo geu kuwa mkondo wa upande mmoja, nazo zina mtego wake. 5Y3 hupoteza volti nyingi kuliko GZ34, kwa hiyo kuweka GZ34 mahali pa 5Y3 kwa sababu tu zinaingia soketi moja huipandishia amplifaya nzima volti, kuanzia valvu za nguvu hadi kapasita za kuchuja ambazo huenda zilikuwa tayari ziko kwenye kikomo chake.

Zipo valvu ambazo ni adimu kweli. 7591, iliyotumika katika baadhi ya amplifaya za Ampeg, ilikosekana kwa miaka mingi mpaka viwanda vya leo vilipoanza kuitengeneza upya. Zile za pini 12 zinazoitwa Compactron, ambazo General Electric ilizileta mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Ampeg ikazitumia katika baadhi ya mashine zake, hutegemea akiba za zamani. Amplifaya ya namna hiyo ikiletwa kwako, mwambie mwenyewe ukweli huo kabla hujaifungua, ili aamue kama yuko tayari kungoja.

Kuhusu akiba za zamani ambazo hazijatumika, sifa zake si za uongo, lakini soko lake limejaa udanganyifu. Maandishi kwenye kioo yanafutika kwa kidole na yanachapwa upya kwa urahisi, na sanduku la zamani si ushahidi wa kilichomo. Kwa hiyo tazama umbile la ndani, si maandishi: sura ya anodi, idadi ya vishikizo, umbo la pete iliyobeba dawa ya kunyonya hewa. Ile rangi ya fedha inayong'aa juu ya kioo ikiwa imegeuka nyeupe, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa, hata kama muuzaji anaapa kwamba haijawahi kuwashwa. Ikiwa imepungua na kugeuka kahawia pembezoni, imefanya kazi saa nyingi. Na mtu anayeuza valvu ghali bila kuweza kukupa vipimo vya mkondo wake, mimi simhesabu kuwa muuzaji wa valvu, anauza masanduku.

Valvu mpya za nguvu katika amplifaya yenye bayasi ya kudumu (volti inayoamua mkondo wa valvu ikiwa imetulia) hazichomekwi na kuachwa. Pima volti ya anodi, kisha uweke mkondo ili valvu ikae karibu na asilimia 70 ya wati inazovumilia inapokuwa imetulia. Kwa EL34 ya wati 25 hiyo ni wati 17.5, na anodi ikiwa na volti 450 utapata takriban miliampea 39 kwa kila valvu. Katika amplifaya za zamani, kabla ya kuilaumu valvu kwa kuwa nyekundu, angalia kapasita ndogo ya bayasi na rektifaya ya seleniamu iliyo karibu nayo. Hiyo ya seleniamu ni kipuri ambacho hupaswi kukitafuta hata kidogo: weka dayodi ya silikoni, kisha urekebishe bayasi upya kwa kuwa volti zitapanda.

Sasa nije kwenye kapasita, ambako kazi nyingi zaidi iko. Kapasita za elektroliti huzeeka hata zikikaa kabatini, kwa kuwa utando mwembamba wa oksaidi unaozifanya zizuie umeme hudhoofika zisipopata volti kwa muda mrefu. Ndiyo sababu ushauri wangu hapa ni kinyume na ule wa valvu: usinunue kamwe kapasita ya elektroliti ya zamani eti kwa sababu ni ya chapa ileile iliyotoka kiwandani. Tafuta mpya. Zile za kulala zenye waya pande mbili bado zinatengenezwa na F&T ya Ujerumani miongoni mwa wengine, na volti zake zinafika 500 na zaidi, kiwango ambacho maduka ya kawaida ya vifaa vya elektroniki hayakihifadhi kwa kuwa televisheni za leo hazikihitaji.

Tatizo linaanza kwenye zile za kopo zenye sehemu nyingi. Amplifaya nyingi za Marshall hutumia kopo lenye sehemu mbili za mikrofaradi 50, na hilo linapatikana, lakini kopo la sehemu nne zenye thamani tofauti linaweza kukosekana kwa ukubwa, kwa thamani au kwa kipenyo. Mbinu inayokubalika ni kuliacha kopo la zamani mahali pake juu ya chasisi kama pambo, kukata waya zake zote, na kufunga kapasita za kulala upande wa chini kwenye kipande cha ubao wa vituo. Nasisitiza kukata waya zote, kwa kuwa wako wanaofunga kapasita mpya sambamba na ile mbovu, nayo ile mbovu siku moja hupiga shoti na kuchukua mpya pamoja na transfoma. Jihadhari pia na tamaa ya kuongeza thamani. Kapasita ya kwanza baada ya rektifaya ya valvu ina kikomo, na kwa GZ34 kikomo hicho ni mikrofaradi 60. Ukizidisha, mkondo wa kuijaza wakati wa kuwasha huishambulia rektifaya.

Mahali ambapo volti ni nyingi kuliko kapasita moja inavyoweza kubeba, waundaji walifuatanisha mbili. Fender Twin Reverb ya miaka ya 1960 ina mbili za mikrofaradi 70 na volti 350, kila moja ikiwa na rezista ya kiloomu 220 ubavuni. Hizo za 70 zimekuwa ngumu kupatikana, na mafundi wengi hutia za 100 bila madhara. Lakini zile rezista mbili ndizo zinazogawa volti sawasawa kati ya kapasita, na baada ya miaka 50 thamani zake huwa zimehama, kila moja kwa kiasi chake. Mtu anayebadilisha kapasita akaziacha rezista hizo amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki itamrudia.

Kabla ya kugusa chochote kati ya hivyo, ondoa umeme uliobaki. Kapasita za amplifaya hizi hushika volti 400 hadi 500, na zinaweza kuzishika muda mrefu baada ya plagi kutolewa. Tumia rezista ya kiloomu 10 na wati 5 iliyounganishwa na waya zenye vishikio vilivyofunikwa, igusishe kati ya kapasita na chasisi kwa sekunde kadhaa, kisha uthibitishe kwa multimita kabla ya kuingiza mkono. Usitumie bisibisi. Cheche zake zinafurahisha watazamaji tu.

Transfoma ni sura ya peke yake, na ndipo ninapowaomba mwende polepole. La kwanza ni kuhakikisha kwamba imekufa kweli. Transfoma ya umeme inayokata fyuzi huenda inaonewa na rektifaya yenye shoti au kapasita mbovu. Tenganisha waya zake zote za upande wa pili, zifunge kila moja isiguse nyingine, kisha uiwashe peke yake ikiwa imefuatana na balbu ya waya wa moto. Balbu ikibaki na giza au mwanga hafifu sana, transfoma ni nzima na adui yuko kwingine. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila mzigo wowote, kuna mizunguko iliyoshikana ndani, na hapo tafuta mbadala.

Mbadala wa transfoma ya umeme hutafutwa kwa orodha ya mahitaji: volti ya nyumba, volti ya juu kwa kila upande wa kituo cha kati, mkondo wa volti hiyo, ampea za hita, volti 5 kama kuna rektifaya ya valvu, na waya wa bayasi kama upo. Ampea za hita huna haja ya kuziulizia popote. Amplifaya yenye 12AX7 nne na EL34 mbili inataka ampea 0.3 mara nne na 1.5 mara mbili, jumla 4.2, kwa hiyo transfoma ya ampea 5 inatosha na ya 4 haitoshi. Hammond ya Canada na waundaji wengine hutoa transfoma zilizopangwa kwa amplifaya maarufu, na mara nyingi transfoma ya amplifaya maarufu ndiyo inayofaa ile isiyojulikana, kwa sababu waundaji wadogo waliiga sana. Marshall yenyewe ilianza mwaka 1962 kwa saketi iliyofuata Fender Bassman. Kwa hiyo ukipata mashine ya chapa ambayo hakuna aliyeisikia, chora saketi yake kwa mkono, kisha ilinganishe na michoro ya amplifaya zinazojulikana na michoro ya mifano iliyotolewa na watengenezaji wa valvu. Mara nyingi utamkuta mzazi wake.

Transfoma ya spika huchanganya wengi kwa sababu haina volti iliyoandikwa. Kinachotafutwa ni impidansi (ukinzani kwa mkondo geu) ya upande wa valvu, na hiyo unaweza kuipata mwenyewe ikiwa transfoma ya zamani bado ina mizunguko yake, au ukipata nyingine ambayo huijui. Amplifaya ikiwa imezimwa, imemwagwa umeme na valvu zimetolewa, tenganisha waya zote za transfoma hiyo, kisha upeleke volti ndogo ya mkondo geu, tuseme 6.3 kutoka transfoma nyingine ndogo, kati ya waya mbili za anodi. Pima upande wa spika. Ukisoma volti 0.28 kwenye waya wa omu 8, gawanya 6.3 kwa 0.28 upate 22.5, zidisha namba hiyo kwa yenyewe upate takriban 506, kisha zidisha kwa 8. Jibu ni kama omu 4,050, thamani inayofaa jozi ya 6L6 katika amplifaya nyingi. Usigeuze jaribio hili kwa kupeleka volti 6.3 upande wa spika, kwa kuwa upande wa anodi utatokea na volti zaidi ya 140, nawe huenda umezishika waya hizo kwa vidole.

Pasipo na mbadala, kuna kusuka upya. Kazi hiyo inahitaji mtu aliyeizoea, na wajibu wako ni kumpelekea transfoma iliyo kamili, si chuma kilichofumuliwa. Mizunguko ya transfoma ya spika haikuwekwa yote ya kwanza kisha yote ya pili. Imegawanywa katika tabaka zinazopishana, na mpangilio huo ndio unaoamua sauti za juu zitapita namna gani. Msukaji anatakiwa kuifumua mwenyewe, akihesabu na kuandika. Mwachie pia nafasi ya kukataa, kwa sababu transfoma nyingine zimemiminiwa lami na hazifunguki bila kuharibika.

Kutambua kipuri cha asili kunakuwa rahisi ukizisoma namba zake. Vipuri vingi vya Marekani vya miaka ya 1950 hadi 1970 vina msimbo wa mtengenezaji ukifuatwa na mwaka na wiki. Potenshiometa yenye 1376612 ni ya CTS, wiki ya 12 ya mwaka 1966. Ikianza na 304 ni ya Stackpole. Spika yenye 220 ni ya Jensen, na transfoma yenye 606 ni ya Schumacher. Msimbo huo hukusaidia kujua kama unachokiona ni cha asili au kilikwisha kubadilishwa na fundi aliyetangulia, maana kutafuta kwa jasho kipuri kinachofanana na kosa la mtu mwingine ni hasara mara mbili.

Potenshiometa zenyewe zinaonekana kitu kidogo mpaka ukose moja. Thamani si shida, megaomu 1 au kiloomu 250 zimejaa. Shida ni shafti: ya mviringo, yenye meno, iliyokatwa upande mmoja, ndefu kwa ajili ya paneli nene, au yenye swichi nyuma. Shida nyingine ni mwendo wake. Herufi A katika vipuri vingi vya Marekani na Asia humaanisha mwendo wa logi na B mwendo wa mstari, lakini katika baadhi ya vipuri vya zamani vya Ulaya ni kinyume chake, kwa hiyo pima. Zungusha hadi katikati kabisa: ya mstari itaonyesha karibu nusu ya thamani yake, ya logi itaonyesha kama sehemu ya kumi tu kutoka upande wa chini. Kabla ya kuitoa ya zamani, isafishe kwanza kwa dawa ya mawasiliano na uizungushe. Nyingi zinazokwaruza ni chafu tu.

Tangi la rivabu (kasha la springi linalotoa mwangwi) nalo huagizwa kwa msimbo, na msimbo huo ukiujua huhitaji jina la amplifaya. Chukua 4AB3C1B, linalopatikana katika amplifaya nyingi za mtindo wa Fender. Tarakimu 4 ni aina ya tangi refu lenye springi mbili, A ni impidansi ya kuingia ya omu 8, B ya kwanza ni impidansi ya kutoka ya omu 2,250, 3 ni mwangwi mrefu, C inaeleza kwamba soketi ya kuingia imetengwa na chuma na ya kutoka imeunganishwa nacho, 1 ni kukosekana kwa kufuli, na B ya mwisho ni mkao wa kulala, uwazi ukielekea chini. Herufi ya kwanza ndiyo inayoua rivabu ikikosewa: tangi la kuingia la omu 600 kwenye saketi ya omu 8 litatoa mnong'ono, na wengine hubadilisha valvu tatu kabla ya kulitazama tangi.

Nitasema jambo ambalo wapenzi wa vitu vya kisasa hawalipendi. Amplifaya iliyofungwa waya kwa mkono mwaka 1965 ni rahisi kuihudumia kuliko ya mwaka 1990 yenye ubao wa saketi. Ile ya zamani inapokea rezista yoyote na kapasita yoyote yenye thamani sahihi. Ya baadaye inadai potenshiometa yenye miguu ya nafasi maalumu, relei ya aina moja, na soketi za plastiki za kulehemu kwenye ubao. Baya zaidi ni vile vifaa vya kubadilisha mkondo kwa mwanga, vilivyotumiwa kubadili chaneli na katika tremolo (kupandisha na kushusha sauti kwa mdundo). Ndani yake kuna rezista inayohisi mwanga, iliyoundwa kwa kadimiamu, na sheria za Umoja wa Ulaya zinazozuia kadimiamu katika vifaa vya elektroniki zimeviondoa kwa wauzaji wengi. Cha tremolo ya Fender ya miaka ya 1960 kinaweza kuundwa mezani kwa taa ndogo ya neoni na rezista ya mwanga zilizotazamana ndani ya mfuko mweusi wa plastiki unaonywea kwa joto, almuradi upime kwanza kwamba ukinzani wake gizani ni mkubwa kama wa kile cha zamani. Vya kubadili chaneli vinataka uangalifu zaidi, kwa kuwa kasi ya kuzima inasikika.

Ukiagiza kutoka mbali, kusanya mahitaji ya amplifaya kadhaa katika kifurushi kimoja, na umtake muuzaji picha ya kipuri chenyewe kikiwa kando ya rula. Vipuri ulivyotoa usivitupe hata vikiwa vimekufa: kitasa kilichopasuka ni kielelezo cha kuchongea kingine, na kopo tupu la kapasita linaweza kufichwa kapasita mpya ndani yake pale mwenye amplifaya anapojali mwonekano. Kila ulichobadilisha kwa kisichofanana na cha asili kiandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya kasha, pamoja na volti ulizopima na tarehe, kwa sababu fundi atakayeifungua baada yako atakuwa na mchoro wa kiwandani usiolingana tena na anachokiona.

Na kipuri kipya kikishafungwa, uwashaji wa kwanza ufanywe kupitia balbu ileile ya waya wa moto iliyofuatana na amplifaya, ya wati 60 hadi 100, valvu za nguvu zikiwa zimetolewa kwanza, kisha zikirudishwa spika ikiwa imeunganishwa. Balbu ya LED haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa haibadilishi ukinzani wake kadiri mkondo unavyopanda. Balbu za waya wa moto zenyewe zimeondolewa sokoni katika nchi nyingi, kwa hiyo ukiziona mahali nunua chache uziweke pamoja na akiba ya valvu. Zikikosekana kabisa, ya halojeni ya wati hizohizo inafanya kazi ileile.